Wigi ya Mgonjwa wa Saratani Ilipiwe na Bima

Dawa za kemotherapia hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi, bila kutofautisha seli za uvimbe na zile za mashina ya nywele. Kwa kuwa sehemu kubwa ya nywele za kichwani huwa katika hatua ya kukua, dawa kama doxorubicin na paclitaxel zinaweza kuzipukutisha zote, na kwa kawaida upukutikaji huo huanza wiki mbili au tatu baada ya dozi ya kwanza. Daktari huyajua hayo kabla hata dripu haijatundikwa. Hata hivyo Medicare, bima ya serikali ya Marekani inayohudumia hasa wazee, huilipia dripu hiyo na kukataa kulipia wigi. Kipara hiki kimeletwa na tiba, na mwenye kulipia tiba hana budi kulipia na athari yake.

Wanaopinga husema wigi ni urembo. Lakini sheria za nchi hiyohiyo zimekwisha kuikana hoja hiyo. Mwaka 1998 ilipitishwa sheria ya haki za wanawake wenye saratani, inayotaka mipango mingi ya bima inayolipia upasuaji wa kuondoa titi ilipie pia kulijenga upya, kulisawazisha la pili, na kununua titi bandia. Medicare yenyewe hulipia titi bandia la kuvaa pamoja na sidiria yake. Titi hilo haliui hata seli moja ya saratani. Linalipiwa kwa sababu bunge lilikubali kwamba kumrudishia mgonjwa umbo lake ni sehemu ya kumtibu. Iweje basi msingi huo uishie kifuani, usifike kichwani? Mamlaka ya kodi nayo, IRS, huikubali wigi kama gharama ya matibabu, mradi daktari ameishauri kwa ajili ya afya ya akili ya mgonjwa aliyepoteza nywele zote kwa maradhi. Tatizo ni kwamba nafuu hiyo ya kodi huanza pale tu gharama za matibabu zinapovuka asilimia 7.5 ya kipato, tena kwa mtu anayeorodhesha makato yake moja moja. Mstaafu asiye na kipato cha kutozwa kodi haambulii kitu.

Baadhi ya majimbo hayakungoja Washington. Massachusetts, Connecticut na Maryland yalitunga sheria za kuzitaka bima zichangie wigi ya mgonjwa wa saratani, kwa kiwango cha dola 350. Ni fedha kidogo, maana wigi ya nywele halisi huuzwa kwa zaidi ya dola elfu moja, ila angalau ya nywele za kutengenezwa hupatikana. Kasoro kubwa zaidi iko kwingine: waajiri wengi wakubwa hugharimia wenyewe matibabu ya wafanyakazi wao, na mipango hiyo huongozwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974, ERISA, ambayo haiguswi na amri za jimbo. Kwa hiyo wagonjwa wawili wa Boston, huko Massachusetts, wenye saratani ileile na dawa ileile, wanaweza kupewa majibu tofauti kabisa.

Kuna hofu ya gharama. Ufaransa iliijibu Aprili 2019, ilipoanza kurejesha bei yote ya wigi ya daraja la msingi isiyozidi euro 350. Ukomo wa bei ndio unaozuia matumizi yasiyo na mpaka. Wengine husema nywele zitaota tena. Ni kweli, kama vile mfupa uliovunjika unavyounga, na bado bima hulipia magongo. Wapo pia wanaotegemea kofia za kupoza kichwa, lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 kwa wanawake wenye saratani ya matiti ulionyesha kuwa karibu nusu tu ya waliozivaa ndio waliobakiwa na nywele. Na yule anayependelea mtandio, kilemba au kipara hatalazimishwa. Anayetaka wigi ndiye apewe haki ya kuchagua nani ajue ugonjwa wake na nani asijue. Hilo si jambo dogo, kwani wapo wagonjwa wanaoikataa kemotherapia yenyewe kwa kuogopa kukatika nywele.

Mbunge Jim McGovern wa Massachusetts amewasilisha mswada wa kuitaka Medicare ilipie wigi kama kifaa cha tiba. Upitishwe. Wakati tukiusubiri, msomaji uliye Marekani, mwombe daktari wako wa saratani akuandikie wigi kwa cheti, akitaja ugonjwa na tiba unayopata, uliza kama mpango wako unagharimiwa na mwajiri au na kampuni ya bima, na ukikataliwa, kata rufaa kwa maandishi.