Gazeti moja, simu tatu: ya tatu ni ya nani?

Mwezi huu nina ishu ndogo iliyokaribia kuvunja amani ya nyumba yangu.

Mwenzangu alihamishiwa Tabora kikazi, mimi nikabaki Dar. Tukajiunga na gazeti la mtandaoni: akaunti moja, paswedi moja. Asubuhi tunasoma habari zile zile, jioni tunabishana kwenye simu. Raha tupu! Siku moja nafungua, naambiwa akaunti inatumika kwenye vifaa vingi kuliko vinavyoruhusiwa. Mimi simu moja, yeye simu moja. Ya tatu ya nani?

Si unajua tena akili ya mtu aliye mbali na mpenzi wake. Nikanuna siku mbili. Kumbe mdogo wake, shemeji yangu kabisa, alipewa paswedi atafute nafasi za kazi!

Kwa nini wanatubana?

Gazeti la karatasi tulizoea kununua moja, likasomwa na nyumba nzima, kisha jirani, mwisho likafungia maandazi. La mtandaoni bei yake hupangwa kwa msomaji mmoja au nyumba moja. Kila simu inayoingia hupewa alama yake, na mtambo huzihesabu. Zikizidi, simu ya zamani inatolewa au mpya inagomewa.

Wala si kwetu tu. Mwaka 2021 Nation ya Kenya ilianza kutoza wasomaji wa Nation.Africa. Mwaka 2023 Netflix ikawabana wanaogawana akaunti nje ya nyumba moja. Mwaka 2025 The New York Times ikaja na kifurushi cha familia: watu wanne, kila mtu na akaunti yake.

Somo la Kwihara

Nilipomfuata Tabora tulienda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone. Mfuko wake wa barua, wenye tarehe 1 Novemba 1870, ulikwama huku huku Unyanyembe kwenye njia ya misafara. Stanley, mwandishi wa New York Herald, ndiye aliyeuchukua na kumfikishia Ujiji mwishoni mwa 1871. Mwaka mzima! Stanley anasimulia kuwa mzee alisoma barua chache tu za watoto wake, kisha akataka kwanza asimuliwe habari za dunia.

Nikajicheka. Yule alisubiri mwaka na hakununa. Mimi siku mbili, kwa jambo ambalo swali moja lingelimaliza.

Fanyeni hivi

- Kabla ya kulipa, ulizeni kifurushi kinaruhusu vifaa vingapi.
- Ukitaka kumpa ndugu paswedi, mwambie mwenzako kwanza. Kama masharti hayaruhusu, bora mchange mumlipie ndugu yenu akaunti yake.
- Pitieni orodha ya vifaa kwenye mipangilio. Simu uliyouza au iliyoibiwa, iondoe.
- Paswedi ya gazeti isiwe ndiyo ya benki au barua pepe.

Siku hizi shemeji ana akaunti yake, tunamchangia. Na mimi nikitolewa kwenye akaunti nampigia mume wangu ananisimulia gazeti zima, na chumvi juu. Kusimuliana hakuna kikomo cha vifaa.

Na wewe, paswedi yenu anayo nani mwingine? Muulize mwenzako leo, ila kwa upole!