Kifafa: Umeme wa ubongo hutulizwa kwanza kwa kidonge

Mtu akianguka kwa kifafa pembeni ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, wapo wanaorudi nyuma wakiogopa povu lake, na wapo wanaosema karogwa. Povu hilo haliambukizi kifafa. Kilichotokea ni hitilafu ya umeme ndani ya ubongo, na hitilafu hiyo ina tiba.

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo na kemikali. Zipo zinazochochea na zipo zinazotuliza. Ni kama katika ngoma, ambapo kila mpigaji ana mdundo wake. Degedege la kifafa ni pale wapigaji wote wanapopiga kwa mpigo mmoja na hakuna wa kuwazuia. Mlipuko huo ukibaki sehemu moja, huenda mkono tu ukarukaruka. Ukisambaa ubongo mzima, mtu hupoteza fahamu.

Chanzo kinaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, jeraha la kichwa, au mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyoingia ubongoni. Geita na Shinyanga, mikoa yenye malaria na ajali za machimboni, ina sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini.

Fenobabitoni, dawa ya bei nafuu iliyoanza kutumika mwaka 1912, huzipa nguvu seli zinazotuliza. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila degedege wakitibiwa ipasavyo. Kwamba tiba hiyo inawezekana vijijini ilionekana Mahenge, Morogoro, ambako Dk. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa miaka ya 1960. Sharti ni kumeza dawa kila siku. Kuikatisha ghafla huweza kuleta degedege lisilokoma.

Kwa wale ambao dawa hazijawatosha, wataalamu huingia kwenye mzunguko wenyewe wa umeme. Kifaa kinachochochea neva ya vagasi shingoni kiliidhinishwa Marekani mwaka 1997. Kingine, cha mwaka 2013, husoma mawimbi ya ubongo na kutoa umeme kinapohisi degedege linaanza. Mwaka 2018 kiliidhinishwa kingine chenye nyaya zinazofika kwenye thalamasi, kituo cha ndani kinachosambaza taarifa za ubongo. Vifaa hivi hupunguza degedege, mara chache huliondoa kabisa. Pia ni ghali na huhitaji upasuaji.

Machimboni kuna hatari nyingine ya neva: zebaki. Mvuke wake, dhahabu iliyochanganywa nayo inapochomwa, hupita mapafuni hadi ubongoni. Uchunguzi uliofanywa Rwamagasa, Geita, mwaka 2003 ulikuta dalili za sumu hiyo kwa wachomaji. Kutetemeka vidole, kuyumba na kusahau si kifafa, na dawa ya kifafa haitoi zebaki mwilini. Cha kwanza ni kuacha kuuvuta mvuke huo.

Mwenye kifafa asishuke duarani, asisimamie karasha la kusaga mawe, wala asifanye zamu za usiku, kwa kuwa kukosa usingizi huchochea degedege. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vyenye ncha, usimtie kijiko mdomoni. Degedege likipita dakika tano, mkimbize hospitali. Likikoma mapema, mpeleke kituo cha afya. Wanaohitaji uchunguzi zaidi Kanda ya Ziwa hupewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza.