Ukivuka Rusumo na Noah ya kukodi, mlango wa watoto unafungukia barabarani

Likizo ikikaribia, familia za Ngara na Biharamulo huanza kuulizana bei ya kukodi Noah. Kutoka Lusahunga hadi Rusumo ni kilomita 92, na ukishavuka daraja la Mto Kagera uko Rwanda. Kwa wenye ndugu Kigali au Kibungo, ni safari ya siku moja.

Wengi hujiandaa kwa karatasi: pasi au hati ya dharura ya Uhamiaji kwa kila mtu, watoto wakiwemo, barua ya ruhusa ya mwenye gari, na kadi ya njano ya bima, kwa sababu bima ya kawaida inaishia mpakani. Hayo usiyapuuze. Ila kuna jambo ambalo halimo kwenye karatasi yoyote.

Rwanda magari hupita kulia, na Burundi vilevile kwa wanaopitia Kabanga. Dereva atakwambia atazoea, na pengine atazoea kweli. Gari lenyewe halizoei. Noah nyingi za zamani zina mlango mmoja wa kutelezesha, nao uko kushoto, kama kwenye Hiace. Huku kwetu kushoto ni ukingoni. Ng'ambo, mlango uleule unafungukia upande yanakopita malori, na mtoto aliyebanwa na mkojo hasubiri.

Kwa hiyo simameni nje kabisa ya lami, kwenye kituo cha mafuta au uwanja. Mtu mzima ashuke kwanza, asimame mlangoni, ndipo watoto wafuate mmoja mmoja.

Wakishashuka kuna kuvuka. Tumewafundisha watoto waanze kuangalia kulia. Kule, gari la karibu linatoka kushoto. Mara yangu ya kwanza niliangalia kulia, nikakanyaga lami, na pikipiki ikanipitia puani kutoka kushoto. Mimi ni mtu mzima na nilikuwa nimeshaambiwa. Fanyeni mazoezi nyumbani kabla ya safari, hata kama mchezo, na mkifika mshikeni mkono hata yule anayejiona mkubwa.

Kuovateki nako ni shida. Usukani ukiwa kulia, dereva anakaa ukingoni na haoni kilicho mbele ya lori mpaka atoe nusu ya gari. Anayeona ni aliyekaa mbele kushoto, basi hapo akae mtu mzima asiyesinzia. Asiwe mama aliyepakata mtoto.

Na kupakata kwenyewe tukuseme. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 anavuta mikono yako kwa nguvu ya mzigo wa kilo 200 hivi. Ni mifuko minne ya saruji, na hakuna mama anayeizuia. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, na kwamba kiti maalumu cha mtoto hupunguza vifo vya watoto wadogo kwa zaidi ya nusu.

Wakodishaji wengi hawana viti hivyo, lakini ulizia mapema au azima. Kabla ya kulipa, ingia nyuma uvute kila mkanda. Mara nyingi imefukiwa chini ya vitambaa vya viti, au haina pa kuchomeka. Gari la watu wanane hubeba wanane, na mchanga naye anahesabiwa.

Saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Giza lililozoeleka Ngara saa 1 jioni, kule linaingia saa 12. Kutoka Rusumo hadi Kigali ni kilomita zipatazo 160 za vilima na kona, zenye kamera za mwendo, hivyo vukeni asubuhi.

Andika namba hizi kwenye simu kabla ya kuondoka: polisi wa Rwanda ni 112, gari la wagonjwa ni 912.