Shokapu za GSX-R: Bei ya Miguu Si Bei ya Kazi

PIKIPIKI ya Suzuki SV650, iliyoingia sokoni mwaka 1999, ilipata wateja kwa injini yake, lakini shokapu zake za mbele zilibanwa gharama: oili hupita kwenye matundu yasiyorekebishika. Ndiyo maana baadhi ya wamiliki Marekani na Uingereza husaka shokapu za GSX-R750 zilizofunguliwa kwenye pikipiki zilizopata ajali.

Anayenunua miguu miwili tu hukwama. Shokapu hizo zimepinduliwa, bomba nene likiwa juu, hivyo vibano vya SV havizishiki. Vibano vikibadilishwa, ekseli, gurudumu na breki navyo hufuata. Kila kifaa kikinunuliwa peke yake, nafuu yote huyeyuka, na wauzaji wa vipande wanalijua hilo vizuri mno. Yenye thamani ni seti nzima, mradi ajali haikupinda mabomba. Kuyaviringisha juu ya kioo bapa hufichua.

Mwenye mtaji mdogo hutia springi zinazolingana na uzito wake, pamoja na vali, ndani ya shokapu za awali. Uingereza, kampuni ya bima isipoarifiwa badiliko kama hili, fidia yaweza kukataliwa.