Funza yupi: buu au tekenya?

Jirani yangu wa Magongo, hapa Changamwe, aliambiwa kliniki kuwa kuna nchi ambako kidonda sugu cha kisukari husafishwa kwa funza. Alirudi amefura. "Mimi niliteswa na funza utotoni, leo waniambia ndio dawa?"

Neno ndilo lililomponza. Kwa Wakenya wengi siku hizi, funza ni tekenya, yule kiroboto ambaye jike lake hujichimbia vidoleni na kutunga mayai humo. Tekenya ni mgeni. Alitoka Amerika Kusini, akashuka Angola kwa meli mwaka 1872, na miongo michache baadaye akawa amevuka bara zima hadi pwani yetu. Funza lilikuwapo kabla yake: ni jina la buu, mtoto wa nzi. Mgeni akapewa jina la mwenyeji, na jina likamnogea.

Mkanganyiko huu unaumiza. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje. Usipozipiga pasi, buu huingia ngozini na kufanya uvimbe kama jipu, wenye tundu katikati. Mtu akisikia "funza", hukimbilia pini. Haifai! Buu huyu hupumua kupitia lile tundu, hivyo huzibwa kwa mafuta mazito ya kujipaka hadi ajitokeze, kisha hukamuliwa taratibu. Akipasukia ndani, ngozi huvimba vibaya zaidi. Hata tekenya mwenyewe hafai kuchokolewa kwa pini inayozunguka nyumba nzima.

Shambani, buu ana mambo yake. Nzi wa matunda kutoka Asia alitambuliwa Kenya mwaka 2003, na mabuu wake ndio unaowakuta ndani ya embe lililoonekana zima. Kwa sababu ya nzi hawa, mwaka 2014 Kenya ilisimamisha uuzaji wa maembe Ulaya, ikarejea 2021. Wadudu wanaokula majani ni viwavi, watoto wa nondo na vipepeo. Hao tuwaache na jina lao.

Na chambo? Uingereza mabuu huuzwa madukani kwa wavuvi wa ndoano. Wavuvi wetu wa mshipi kwenye hori la Port Reitz wana kamba na vipande vya ngisi, sioni wakibadilisha.

Turudi kwenye kidonda. Daktari William Baer wa Marekani aliona katika Vita vya Kwanza vya Dunia askari wawili waliolala uwanjani siku saba, vidonda vimejaa mabuu, na chini yake nyama safi. Baadaye aliwatumia kutibu wagonjwa Baltimore. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tiba hiyo. Mabuu hufugwa maabara bila vijidudu, hufungiwa kidondani siku mbili tatu, huyeyusha nyama iliyokufa na kuifyonza, kisha huondolewa. Wale wa jalalani hawahusiki kabisa.

Basi mhudumu wa afya aseme buu, na tekenya aitwe tekenya. Na kwa kuwa wote ni viumbe hai, tuseme buu huyu, mabuu hawa; "mabuu haya" niliyoyasoma kwenye bango la afya juzi yanakwaza sikio.