Kijana mwenye kisukari na chakula cha ngano

Mwezi huu tunaongea na wazazi wa Ngara na Biharamulo wenye kijana anayechomwa sindano za insulini kila siku.

Kisukari hiki hutokea askari wa mwili wanapoliharibu kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini. Kwa baadhi ya vijana, askari hao hao huushambulia pia utumbo mwembamba kila wanapokula ngano au shayiri. Kinachowachokoza ni protini iitwayo gluteni. Ugonjwa huu wa pili huitwa siliaki. Huko Ulaya, kati ya vijana 100 wenye kisukari cha namna hii, wapata 5 wanao.

Utumbo ukiumia, chakula hakiingii vizuri mwilini, lakini insulini iliyochomwa inaendelea kufanya kazi. Hapo sukari inaweza kushuka ghafla. Kijana akitetemeka na kutoka jasho, anyweshwe maji ya sukari mara moja. Akizimia, msimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali. Dalili nyingine ni kuharisha, tumbo kujaa, upungufu wa damu usiopona na kudumaa. Wengine hawana dalili yoyote.

Minyoo na malaria navyo hupunguza damu, kwa hiyo msibahatishe. Mwelezeni daktari, akiona haja, atampa rufaa, kwa mfano kwenda Bugando, Mwanza. Siliaki hutafutwa kwanza katika damu. Msimwachishe ngano kabla ya kupimwa, maana majibu yanaweza kudanganya. Insulini nayo isiachwe hata siku moja.

Tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Bahati nzuri, ndizi, maharage, mihogo, viazi, mahindi, mtama, ulezi na mchele havina gluteni. Vinavyoachwa ni mkate, chapati, maandazi, na uji wa lishe wenye ngano ndani yake. Unga wake usagwe kwenye mashine isiyosaga ngano. Utumbo ukipona, mahitaji ya insulini hubadilika. Daktari ndiye wa kupanga kipimo kipya.

Je, Komunyo? Hostia ni ya ngano. Mwaka 2003 Vatikano ilieleza kwamba hostia zisizo na gluteni kabisa hazifai kwa Misa, ila zenye gluteni kidogo sana zinafaa. Asiyeweza hata hizo anaweza kukomunika kwa umbo la divai peke yake. Wazazi, mwoneni paroko mapema, kijana asijitenge na meza ya Bwana kwa sababu ya ugonjwa.