Kikulacho Ki Tarakilishini Mwako

Juzi mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliingia ofisini mwangu akiwa ameikumbatia tarakilishi yake mithili ya mama aliyebeba mwana mgonjwa. “Mwalimu,” akaniambia, “kila nikifungua kivinjari napelekwa kwenye ukurasa nisioujua. Naubadilisha jioni, asubuhi umerudi.” Fundi mmoja alikuwa amemshauri aifute diski nzima. Humo mlikuwa na mahojiano ya miezi minane ya tasnifu yake, wala hakuwa na nakala nyingine.

Maradhi haya si mageni. Mnamo 2003 ilivuma programu jasusi iliyoitwa CoolWebSearch, ambayo ilikiteka kivinjari cha Internet Explorer na kuwasukuma watu kwenye kurasa za matangazo. Ilikuwa sugu hata Mholanzi Merijn Bellekom akaunda programu mahususi ya kuing’oa, CWShredder. Internet Explorer kilistaafishwa mwaka wa 2022, lakini hila ile ingali hai.

Kwa nini ukurasa ule hurudi? Kwa sababu ukurasa ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe ni programu iliyojificha kwingine, ambayo huamka kila tarakilishi inapowashwa na kuiandika upya anwani ya mwenyewe, anayevuna pesa kutokana na matangazo.

Kwa hivyo tulianza kwa kunakili mahojiano kwenye diski ya nje. Kisha tukaikagua orodha ya programu na kuondoa moja aliyoipakua bure ili kubadilisha faili za PDF. Katika viongezi vya kivinjari tulikuta kimoja asichokitambua, nacho tukakiondoa. Tulipozitazama sifa za ikoni ya kivinjari, tuliona anwani ya ukurasa ule imebandikwa mkiani, tukaifuta. Hatimaye tulipitisha programu ya kinga, tukarejesha mipangilio ya awali ya kivinjari, naye akabadilisha nywila zake kwa kutumia tarakilishi yangu. Wiki imepita, mgeni yule hajabisha hodi tena.

Ila kuna jambo lililonikera. Nilimwuliza kama alisoma maelezo alipokuwa akiisakinisha programu ile. “La, Mwalimu. Nilibofya ‘nakubali’ tu.”

Mwanafalsafa J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka wa 1962, alitufunza kuwa yapo maneno ambayo kuyatamka ni kutenda. “Nakubali” ni mojawapo. Mwanafunzi huyu anaweza kuchambua ubeti wa shairi silabi kwa silabi, lakini alifungua mlango wa nyumba yake kwa neno moja asilolipima. Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa iwe ya hiari, ya wazi na yenye ufahamu. Je, pana ufahamu gani katika kurasa ishirini za Kiingereza cha mawakili?

Simlaumu peke yake. Mimi mwenyewe nimebofya hivyo mara nyingi, na bila shaka nawe pia, mwalimu mwenzangu. Tunafundisha ufahamu kwa vifungu vya hadithi, kisha tunawaacha vijana mbele ya mikataba bila kurunzi. Muhula ujao nitawapa wanafunzi wangu mkataba mmoja wa programu, wauchambue sentensi kwa sentensi na kuufasiri kwa Kiswahili. Nakusihi ufanye vivyo hivyo darasani mwako. Kabla ya hapo, msomaji, nakili kazi yako mahali pengine leo hii.